Sura Tuliyokuwa Tunairuka

Karakana, 6 Februari

Binti yangu,

Salamu zikukute ukiwa mzima, miguu imepumzika na tumbo limeshiba. Hilo la tumbo ni la mama yako, amesimama nyuma yangu anahakikisha nimeliandika. Sisi hatujambo. Mgongo wangu unauma pale pale ulipouacha, na wanafunzi wa chuo wameanza kuleta kazi zao za kujalidiwa, kila mmoja anataka imalizike jana.

Barua yako ya kusema umehamishiwa kituo cha porini niliisoma nimesimama. Halafu nikakaa. Halafu nikaenda kumsomea muuza viatu wa mlango wa pili, ambaye hakuwa ameuliza. Binti yangu, askari wa wanyamapori, na bunduki ya serikali begani. Mimi mnyama mkubwa kuliko wote niliyewahi kumwona kwa macho yangu ni ng'ombe wa maziwa, na hata huyo nilimpisha njia.

Nimewaambia wawindaji wangu wa vitabuni. Wako rafu ya juu kama kawaida, mbali na chungu cha gundi. Yupo yule aliyekaa juu ya mti kutwa nzima nyati akimsubiri chini. Yupo wa kitabu cha kijani na simba wake. Na yupo wako, wa mgongo mwekundu. Jumapili nilimshusha nikamsoma peke yangu mpaka mwisho wa sura ile uliyokuwa unaipenda. Tembo mkubwa amesimama mbele ya matete anamtazama mtu, mtu naye anamtazama tembo. "Akaingia kwenye matete, nami nikashusha bunduki." Ukurasa umekwisha. Ulikuwa unaniambia, "Baba, rudia," nami narudia, na wewe unavuta pumzi pale pale kila mara, kana kwamba safari hii atapiga.

Unakumbuka na ile sura ya tembo katika kitabu cha kijani? Simba wametulia vizuri, mara huyo tembo, hakubisha hodi, hakutambulishwa, sura imeanzia katikati ya sentensi kama mtu aliyeamshwa usingizini. Tembo Aliyepotea Njia, ndivyo ulivyomwita. Tulikuwa tunacheka mstari wa kwanza, kisha tunairuka tunarudi kwa simba.

Sasa nina swali, na kuuliza si ujinga. Vitabu vyote vinasema tembo akitembea hasikiki. Mnyama mzito kama lori apite kama paka? Nimeamini miaka yote kwa heshima tu. Wewe uko huko, niambie.

Mama yako anasema usikae karibu na mto.

Baba yako,
Mzee Gundi

*

Kituoni, 1 Machi

Baba,

Shikamoo, na mama mfikishie yake kabla hujakaa chini kusoma. Mimi ni mzima, ninakula, mama asiwe na wasiwasi. Mpishi wetu ana mkono wa maharage ambao sitausema sana nisije nikamuudhi mtu nyumbani. Huku simu hazishiki. Barua zinakwenda na dereva anayetuletea mahitaji, kwa hiyo ukiona kimya, mlaumu yeye na barabara yake.

Swali lako limejibiwa wiki ya kwanza. Asubuhi nilikuwa nafua nyuma ya nyumba, nimeinama kwenye beseni. Nilichosikia, baba, si sauti. Ndege walikuwa wanapiga kelele, kisha hawakupiga. Nikainua kichwa. Walikuwa saba au nane, kati yangu na kamba ya nguo, na mmoja wao, mama mtu mzima, alikuwa amenyoosha mkonga ananusa shati langu lililoanikwa. Kila mguu ukishuka unatanuka kidogo, kama mto wa kulalia ukikaliwa. Jani halikuvunjika. Nilisimama na sabuni mikononi mpaka ikakauka. Walipita. Shati lilibaki linabembea, na mimi nilikuwa na machozi ambayo sikujua yalianza saa ngapi.

Kwa hiyo vitabu vyako havikudanganya. Lakini kuna vitu wawindaji wako hawakusema. Hawakusema nzi. Hawakusema kwamba simba analala kama mlinzi wa benki. Wala hawakusema kwamba ukiwa karibu na tembo unasikia tumbo lake linanguruma, na unalisikia kifuani kwako, si masikioni.

Ng'ambo ya mto kuna mashamba ya mahindi, na kazi yetu kubwa ni kuwatenganisha tembo na mahindi ya watu. Tuna mkorofi mmoja, dume zee, anatembea peke yake. Wakulima wanamwita Mwenye Nyumba, kwa sababu anaingia bila hodi na anaondoka amechukua chake. Sijamwona. Nimeona nyayo zake tu. Mzee mmoja wa hapa kituoni, tunayemwita Msoma Nyayo, alinionyesha moja kwenye tope, nikadhani ni mahali pipa lilipowekwa.

Binti yako

*

Karakana, 14 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Wote wazima, ila muuza viatu, ambaye anaumwa kwa kusikia habari za shati lako. Nimemsomea mara tatu. Mara ya pili alisema, "Mzee Gundi, na mimi nina kazi." Mara ya tatu alivuta kiti mwenyewe.

Mama yako ameuliza kama lile shati umelifua tena.

Pipa? Wa kitabu chekundu anaandika kwamba unyayo wa dume mkubwa, mtoto angeweza kulala ndani yake. Siku zote nilidhani hapo anapamba. Nipimie. Au chukua karatasi uuchore kwa ukubwa wake ule ule, mimi nitaiunganisha hapa. Kuunganisha karatasi ndiyo kazi pekee duniani ninayoiweza.

Ukimwona huyo Mwenye Nyumba, msalimie. Mwambie ana msomaji wake mjini.

Baba yako,
Mzee Gundi

*

Kituoni, 28 Machi

Baba,

Shikamoo. Niko salama. Haraka haraka, dereva amewasha gari.

Ndani ya bahasha ni karatasi nne. Nimezipa alama pembeni, A kwa A, B kwa B, ziunganishe hivyo. Ni mguu wa mbele wa kulia wa Mwenye Nyumba, kando ya mto, kwenye tope lililoanza kukauka. Msoma Nyayo alishika karatasi zisipeperuke huku akiniuliza ni ya ripoti gani. Nikamwambia ni ya baba. Akasema, "Basi tuchore na mikunjo." Ile mistari ya ndani yote ni kweli, ni nyufa za ngozi yake. Hakuna tembo wawili wenye mistari sawa, anasema mzee, na yeye anawajua kwa mistari hiyo.

Shati sijalifua.

Binti yako

*

Karakana, 9 Aprili

Binti yangu,

Natumaini hujambo. Sisi sijui niseme hatujambo namna gani, maana tangu juzi hakuna anayefanya kazi humu ndani.

Niliziunganisha karatasi zako kwa gundi nyembamba, nikaweka kitambaa nyuma zisichanike, nikazitandaza sakafuni katikati ya karakana. Kisha nikarudi nyuma mpaka nikagusa ukuta.

Mguu mmoja. Mguu mmoja tu, mwenzangu, na juu yake kuna mguu wenyewe, na juu ya mguu kuna bega, na nilijikuta natazama dari. Dari letu lingempiga kifuani. Nimekaa na hawa wawindaji tangu ujana wangu, nimewashona, nimewagundisha, nimesoma mpaka najua nani anakohoa ukurasa gani, na sikuwa nimewahi kujua wanasema juu ya nini.

Mama yako alikuja na chai. Unajua maneno yake kuhusu vitabu hivi, kwamba ni wanaume wasio na kazi wakiua wasio na kosa, na vumbi juu. Aliweka chai mezani. Akavua viatu, akaingia katikati ya ule unyayo akasimama, miguu yake yote miwili, na nafasi ikabaki. Akabaki hapo mpaka chai ikapoa. Alipotoka alisema tu, "Huyu ana mama yake mahali."

Wateja sasa wanazunguka ukutani kufika mezani kwangu. Sijawaambia wazunguke.

Baba yako,
Mzee Gundi

*

Kituoni, 2 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini nyote wazima, na mgongo umekuachia.

Nimechelewa kuandika kwa kuwa nilikuwa nasubiri nipate la kufurahisha kwanza. Sijalipata.

Mwenye Nyumba ameua mtu. Ni mama wa ng'ambo ya mto, alitoka asubuhi na sufuria kumfukuza kwenye mahindi, kama walivyomfukuza wengine mara nyingi. Tembo wengine hukimbia wakisikia sufuria ikigongwa. Yeye aligeuka. Nilifika naye hajafunikwa. Sitakuandikia zaidi ya hapo.

Tumejaribu kila kitu, baba. Moshi wa pilipili, fataki, magari, mizinga ya nyuki kwenye uzio. Anakwenda juma moja, anarudi. Mume wa marehemu alikuja kituoni akakaa kwenye benchi la nje, hakugomba, aliuliza tu ni nani atakayefuata. Jana amri imekuja kutoka juu: apigwe risasi. Na imeandikwa nipige mimi, kwa sababu kwenye mafunzo ndimi niliyekuwa na shabaha kuliko wenzangu. Mpaka leo sijawahi kupiga kitu chenye uhai.

Nimemwona mara moja tangu siku ile, kwa mbali, akinywa maji. Mgongo wake ulikuwa mwekundu wa vumbi na jua lilikuwa linashuka nyuma yake, na pembe moja imekatika nusu. Alikunywa taratibu kama mtu asiye na deni. Nilishika darubini mpaka mkono ukafa ganzi. Sijawahi kuona kitu kilichokamilika namna ile, na nilikuwa nimekuja kuangalia mahali pa kumpiga.

Mahali pa kupiga najua, tumefundishwa. Swali langu ni jingine, na wewe ndiye mwenye vitabu. Baba, kati yao wote, kuna aliyeandika mtu anakuwaje baada ya hapo? Si kabla. Kabla nimeisikia kila Jumapili. Nataka ukurasa wa baada.

Nijibu upesi. Mama mwambie unavyoona inafaa, au usimwambie.

Binti yako

*

Karakana, 10 Mei

Binti yangu,

Marahaba, na pole. Pole sana kwako, na kwa yule baba aliyekaa kwenye benchi. Mama yako nimemwambia, kwa sababu alinitazama usoni akajua, na baada ya hapo hakuna cha kuficha.

Nianze na aibu yangu. Barua yako nilipofika kwenye amri, moyo uliruka kwa furaha. Ndiyo, furaha. Nikasema sura imekuja nyumbani kwetu. Nikakimbilia rafu kukunakilia mawaidha: upepo uwe usoni mwako, usikae kati yake na maji, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nilijaza karatasi mbili. Kisha nikafika kwenye swali lako.

Nikajicheka. Ukurasa wa baada? Umejaa humo. Nikashusha wa nyati. Baada ya risasi anapima pembe. Nikashusha wa jangwani. Baada ya risasi wanakula. Nikashusha mwingine, anapiga picha na mguu wake juu ya shingo. Nikashusha wote, binti yangu, rafu ikabaki tupu, na mama yako akashika upande wa pili akisoma na yeye, yeye ambaye hajawahi kufungua hata kimoja. Baada ya risasi kuna vipimo, kuna nyama, kuna pongezi, kisha sura mpya na mnyama mpya. Hakuna aliyekaa chini. Nimewasoma hawa watu maisha yangu yote na sikuwahi kuona kwamba kila mmoja wao anaondoka haraka.

Zile karatasi mbili za mawaidha nimezitupa, isipokuwa la upepo. Hilo lifuate.

Bado natafuta. Usiende mpaka nikuandikie tena, kama inawezekana. Najua haiwezekani.

Baba yako

*

Karakana, 13 Mei

Binti yangu,

Hii inaifuata nyingine kwa miguu. Kama umeipokea hii kwanza, isome ya tarehe kumi, kisha rudi hapa.

Nimeupata. Ulikuwa kwenye sura tuliyokuwa tunairuka.

Jana jioni nilikuwa nimebaki na cha kijani tu. Nikafika kwa Tembo Aliyepotea Njia, mkono ukaenda wenyewe kuruka, kwa mazoea. Mama yako akanishika mkono. Akasema, "Hicho mbona hukisomi?" Nikamweleza kichekesho chetu. Hakucheka. Akachukua kitabu akasoma ule mstari wa kwanza, unaoanzia katikati: "ili niifute umande, kisha nikaipandisha tena." Akaniuliza, "Kufuta nini umande?"

Nikakifuata chekundu. Nikakifungua pale unapopapenda, nikasoma kwa sauti: "Akaingia kwenye matete, nami nikashusha bunduki." Na mama yako akaendelea kutoka cha kijani bila kupumua: "ili niifute umande, kisha nikaipandisha tena."

Vitabu vile vililetwa kwangu pamoja, kwenye gunia moja, nilipokuwa fundi kijana. Nyuzi zimeoza, kurasa zimechanganyika, vimetoka mtambo mmoja wa kuchapa kwa herufi zile zile, na panya walikuwa wamekula kona za chini ambako namba za kurasa zilikaa. Nilivipanga kwa kusoma maana. Mkunjo mmoja wa kurasa kumi na sita niliuona una tembo, nikauona hauna pa kwenda, maana sura ya tembo ilikuwa imekwisha vizuri mno. Nikaushonea kwa simba. Kona ilikuwa imeliwa pale ambapo nukta ingekaa, sikuona kwamba sentensi ilikuwa inaendelea. Kwa hiyo tembo wako, yule tuliyeamini alivuka matete akaenda zake, hakuvuka. Mwindaji alishusha bunduki aifute umande tu.

Nimekunakilia yale ya baada, neno kwa neno. Ni mafupi:

"Nilikuja na kamba ya kumpimia. Sikumpima. Wenzangu walishangilia, nikawasikia kama watu wa nyumba ya jirani. Nilikaa mbele yake, jua likashuka, na kivuli chake, hata akiwa amelala, kikanifikia miguuni, kisha magotini, kisha kikanifunika. Nilijua sasa ukubwa wake. Nilijua pia kwamba nilihitaji kuujua kabla, na kwamba kabla nisingeweza."

Basi. Baada ya hapo ni simba tena. Mama yako alisema huyu ndiye wa kwanza kati ya wanaume wangu aliyesema jambo la maana, na mimi nikamshona mahali asipoonekana.

Nimefungua nyuzi za vitabu vyote viwili. Viko mezani kama wagonjwa wamepasuliwa. Fundi wa kweli anarudisha kila ukurasa kwake. Lakini mkono umekataa, kwa sababu ni sura yako, na umeikulia ilivyo. Nasubiri neno lako. Zaidi ya hilo nasubiri kujua umerudi.

Baba yako

*

Kituoni, 6 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimerudi. Sina jeraha. Mwambie mama hilo kwanza, kisha endelea.

Barua zako zote mbili zilinikuta yamekwisha. Dereva alikwama mtoni wiki nzima. Kwa hiyo nilikwenda na kitabu chekundu kichwani kama nilivyokijua mimi, na nataka ujue hivyo.

Tulimfuata tangu alfajiri, mimi na Msoma Nyayo mbele, wenzetu nyuma. Mvua ilikuwa imepita, kila kitu kinadondoka. Mzee alikuwa anainama, anagusa mstari fulani ndani ya unyayo, anaitikia kwa kichwa. Ni yeye. Kisha hakuinama tena. Alisimama akaniwekea kiganja tumboni. Mbele yetu kulikuwa na matete, na mbele ya matete kulikuwa na ukuta wa kijivu, na ukuta ule ulikuwa unapumua.

Aligeuka akanitazama. Baba, jicho lake ni dogo. Hakuna aliyeandika hilo. Mwili wote ule, halafu jicho la kahawia la mtu mzee aliyeamka zamani. Masikio yalifunguka na upepo wake ukanifikia usoni. Nilikuwa naye kwenye shabaha. Na sikuogopa hata kidogo, hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Nilijiona mdogo, na udogo wenyewe ulikuwa mtamu, kama nilipokuwa nimelala juu ya magunia ya karatasi nakusikiliza. Nilivuta pumzi pale pale.

Akaingia kwenye matete, nami nikashusha bunduki.

Nilidhani imekwisha. Nilidhani hivyo kabisa, kwa sababu ukurasa ndivyo unavyokwisha, anaingia, anakwenda zake, mtu anarudi nyumbani. Kisha nikasikia wanawake wanacheka. Upande wa pili wa matete ni mashamba, na walikuwa wanavuna. Nilisikia mtoto anaitwa kwa jina. Matete yalikuwa yanafunguka kuelekea kule.

Nilikimbia kuzunguka. Alipotoka upande wa pili nilikuwa tayari nimesimama kati yake na wao. Nikaipandisha tena. Risasi moja. Alipiga magoti ya mbele kwanza, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, na ardhi ikanijia miguuni.

Uliyoyapata kwenye kitabu ni ya kweli. Yangu ni haya. Hakukuwa na sauti. Ndege walinyamaza kama siku ya shati, nikageuka nyuma kuangalia ni tembo gani anapita. Nilikwenda nikaweka kiganja changu kwenye unyayo wake wa mbele wa kulia. Ilikuwa ile mistari niliyokuchorea, niliijua yote, na ilikuwa bado ina joto. Kope zake ni ndefu kama za mtoto mchanga. Nilikaa. Sikulia, nilitaka kulia na chozi halikuja, limekuja juzi wakati naosha sahani.

Watu walitoka mashambani. Nilitegemea vigelegele. Walifika wakasimama mbali. Kisha akaja yule mume wa marehemu, akapita katikati yao mpaka alipokaribia, akavua kofia. Akasema, "Sikujua ni mkubwa hivi." Tulikaa pamoja, mimi na yeye, mpaka gari likaja.

Ningeipata barua yako kabla, ningefanya lile lile. Nataka ulijue hilo pia. Nilipofika pale unaposema alishusha aifute umande, nilicheka peke yangu chumbani, kisha sikucheka tena, kwa sababu hata mimi nilishusha, na hata mimi nikapandisha.

Kuhusu vitabu. Usizirudishe kurasa. Zishone pale pale ulipokosea. Tembo wangu ameanguka, na alistahili atokee mtu wa kukaa naye. Lakini yule wa kitabu chekundu alinilea. Mwache aende zake. Angalau mmoja avuke, baba.

Binti yako

*

Karakana, 17 Juni

Binti yangu,

Marahaba, marahaba. Umerudi. Barua yako tuliisoma tumeshikana mikono kama maharusi wazee, na muuza viatu amesimama mlangoni hakuthubutu kuingia. Hakuna tutakaloliongeza. Ulikaa naye. Mimi ningekuwa nimeondoka haraka kama wenzangu wa rafuni.

Nimeshona. Sijawahi maishani kushona kosa kwa makusudi, na sindano ilisita kidogo kwenye tundu la kwanza. Uzi nimeutia nta mara mbili. Zile kurasa kumi na sita zimerudi kwa simba, ila haturuki tena. Mama yako anazisoma mwenyewe, na hataki kusaidiwa.

Unyayo bado uko sakafuni. Nilitaka kuukunja, mama yako akakataa. Wateja wanazunguka.

Jumapili nilikishusha chekundu, gundi haijakauka vizuri, nikasoma kwa sauti ile ya zamani. Matete, jua, tembo na mtu wanatazamana. Nilipofika "nami nikashusha bunduki," nikafunga kitabu. Mama yako alikuwa amekaa sakafuni kando ya ule unyayo, mkono wake juu ya karatasi.

"Amevuka?" akaniuliza.

Nikamwambia amevuka.

Baba yako